Meza mwachie fundi, wewe chukua mabaki

Leo sitaandika kuhusu programu, au tuseme nitaandika kidogo tu. Wale mlionizoea mnajua kwamba nikishatoka kazini jioni huwa siwashi tarakilishi tena kama si lazima. Huwa nachukua msumeno. Nyumbani kwangu kuna rafu ya viatu, kigoda cha jikoni, kibao cha kuinulia laptopu na kisanduku cha kufichia waya za ruta, na vyote vimetoka kwa vipande vya mbao ambavyo mtu mwingine alikuwa ameshavitenga viende motoni. Wageni wakiviona huwa wanatoa moja kati ya kauli mbili. Ya kwanza: "Aisee, umeokoa pesa!" Ya pili: "Sasa wewe na mshahara wako unamnyima fundi kazi?" Mimi naona kauli zote mbili si sahihi, ila hii ya pili ina uzito, inastahili kujibiwa kwa kirefu. Kwa hivyo acha nianze na ya kwanza niimalize upesi.

Hakuna pesa iliyookolewa. Rafu ile ilinichukua jioni tatu na Jumamosi nzima. Fundi mzoefu wa Gikomba angeimaliza kabla ya chakula cha mchana, na angekuwa anaongea na simu huku akiitengeneza. Ukipiga hesabu ya saa zangu kwa kiwango ninachowatoza wateja wa tovuti, ile ni rafu ya viatu ya bei ghali kuliko zote mtaani. Halafu kuna msumeno, msasa, gundi na skrubu, ambavyo havikuanguka kutoka mbinguni. Anayetaka rafu ya bei nafuu aende akanunue rafu. Tumemaliza.

Wala mbao zenyewe si za bure, na hapa ndipo wengi wetu tunaotazama video za mtandaoni tunapotoka njia. Katika video za Wamarekani, jamaa anapita nyuma ya duka, anakuta paleti zimetupwa, anapakia kwenye gari na kwenda zake. Jaribu hivyo Nairobi uone. Mbao hapa haitupwi. Vipande vya yadi ya mbao hutiwa kwenye magunia na kuuzwa kama kuni. Maranda huchukuliwa na wafugaji wa kuku. Paleti zina madalali wake, na kila moja ina bei kabla haijashuka kwenye lori. Tangu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90 na kisha ikawa inaongeza na kuongeza, watu wamezidi kuiheshimu mbao. Rais alitangaza mwezi wa Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, jambo likapelekwa mahakamani, lakini kwa mnunuzi wa saipresi ya inchi 2 kwa 2 miaka ile ilikuwa imeshamfundisha kuhesabu kila futi.

Maana yake ni hii: ukienda kwenye karakana na tabasamu lako kuomba vipande "vya bure", unashindana na mama anayechemsha maharagwe kwa moto wa vipande vivyo hivyo. Yeye ana shughuli ya kuuza chakula, wewe una shughuli ya kujiburudisha. Sioni ubaya wa kujiburudisha, lakini lipa. Lipa angalau bei ya kuni, na ukiwa muungwana lipa zaidi kidogo, kwa sababu unachagua. Mwenye kuni anapokea gunia zima bila kuchambua, na wewe unataka kile kipande cha mvule cha urefu wa dhiraa ambacho fundi alikikata kwenye fremu ya mlango. Kuchagua kuna bei yake.

Na kwa kweli ukichagua vizuri huhitaji kumwondolea mtu chochote cha maana. Karakana za fanicha zinatoa vipande vifupi vya mbao ngumu, mvule na mkangazi, chini ya futi moja, ambavyo fundi hawezi kuvifanyia kitu kwa sababu kitanda hakina sehemu fupi namna hiyo. Vinaishia jikoni kama makaa. Mti uliochukua miongo kukua unachemsha chai ya saa nne. Hapo ndipo mtu wa jioni ana nafasi yake.

Sasa tuje kwa fundi.

Hoja ya kwamba ninamnyima kazi ingekuwa na nguvu kama ningekuwa natengeneza vitu anavyotengeneza yeye. Sitengenezi. Fundi wa Ngong Road anaishi kwa vitanda, makochi, kabati na milango. Hakuna mtu aliyewahi kupita pale na kuagiza kibao cha kuinua laptopu sentimita kumi na mbili, chenye mwinamo, na chenye tundu upande wa kushoto kwa sababu waya wa umeme uko upande wa kushoto. Ukimwomba atakuangalia, atakutajia bei ya kukufukuza, na atakuwa na haki. Kazi ya kukisikiliza kipande kama hicho ni ndefu kuliko kazi ya kukikata. Ni kama mteja anayekupigia simu akitaka "programu ndogo tu" ya kuhesabu michango ya chama chake cha watu saba. Hakuna kampuni itakayoifanya kwa faida. Wa kuifanya ni mmoja wa wale saba, usiku, kwa lahajedwali, na ikifanya kazi inatosha.

Kwa hivyo mimi nina mpaka ambao siuvuki. Kitu ambacho mtu anapanda juu yake, analala juu yake, au kikianguka kitamwangukia mtoto, hicho ni cha fundi na ninalipa. (Kigoda changu? Kina urefu wa sentimita ishirini na tano. Anayeanguka kutoka pale ameanguka mwenyewe.) Na tangu nianze kushika randa, nimeona jambo moja ambalo wanaonilaumu hawalitarajii: siku hizi sipatani bei na fundi kwa ukali ule wa zamani. Ukishasukuma randa kwenye saipresi iliyojipinda, yenye fundo kila kiganja, ukafika dakika ya arobaini na mbao bado haijanyooka, huwezi tena kumwambia mtu kwamba meza yake ni "mbao tu na misumari." Wanaowapunja mafundi mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kunyoosha ubao mmoja maishani mwao. Vivyo hivyo, wateja wanaosema tovuti ni "kubonyeza bonyeza tu" ni wale ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Tena tusijidanganye kwamba kutengeneza vitu kutokana na mabaki ni uvumbuzi uliokuja na intaneti. Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, ile iliyoufanya ulimwengu wa wachumi uanze kuzungumza juu ya "sekta isiyo rasmi", watu wa jua kali walikuwa tayari wanafanya hivyo kwa miaka mingi. Kamukunji mapipa ya chuma yanageuka masanduku ya shule na majiko. Matairi yanakuwa akala. Mikebe inakuwa koroboi. Tofauti ni kwamba wao wanafanya ili wale, na sisi tunafanya baada ya kula. Ni tofauti kubwa, na inafaa kukumbukwa kabla ya mtu kuweka picha ya rafu yake mtandaoni na kujiita fundi.

Basi nikishasema haiokoi pesa na haifai kujigamba nayo, inabaki nini? Kwangu mimi inabaki hesabu, na hesabu hii ndiyo sababu nimeileta hapa mbele ya watu wa kompyuta.

Mwaka 1938 maabara ya shirika la plaiwudi huko Leningrad ilimwendea mwanahisabati kijana aliyeitwa Leonid Kantorovich na swali la kiwandani: tuna mashine tofauti na magogo ya aina tofauti, tugawe vipi kazi ili tupate mazao mengi zaidi? Mwaka uliofuata, 1939, alichapisha njia ya jumla ya kutatua maswali ya aina hiyo, na humo ndani akataja pia swali la kukata malighafi ili mabaki yawe machache. Tawi zima la hesabu za kutafuta mpangilio bora pale vifaa vilipo na kikomo lina mzizi wake katika plaiwudi. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Leo hesabu za ukoo huo huo zinapanga safari za ndege na ratiba za viwanda.

Swali la kukata mbao linaonekana jepesi mpaka ulishike. Una mbao kadhaa, una orodha ya vipande unavyotaka, je, ni kipande kipi kitoke kwenye ubao upi? Vipande vitano unaweza kujaribu kila mpangilio kwa kichwa. Vipande thelathini hata kompyuta inaanza kutoa jasho, kwa sababu swali hili liko katika lile kundi ambalo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kupata jibu bora kila wakati. Lakini kuna njia rahisi inayokaribia: panga vipande unavyohitaji kuanzia kirefu hadi kifupi, kisha kila kimoja kiweke kwenye ubao wa kwanza kitakakoenea. Kama mbao zako zote zina urefu sawa, imethibitishwa kwamba njia hii haitakula zaidi ya asilimia 22 hivi juu ya jibu bora, ukiongeza labda ubao mmoja. Kwa mabaki, ambayo hayalingani, mimi nabadilisha kidogo: kila kipande nakiweka kwenye ubao mfupi kuliko wote unaokitosha. Mbao ndefu zinabaki ndefu kwa ajili ya kesho. Ni mistari kumi na tano ya Python, na yeyote anayejifunza kuandika programu aiandike, itamfaa kuliko mfano mwingine wa orodha ya kazi za kufanya.

Halafu chukua jibu la programu yako uende nalo kwenye mbao, ndipo utamu unapoanza. Tuseme una ubao wa sentimita 70 na mwingine wa 60. Unataka kipande kimoja cha 40 na vitatu vya 30. Kwenye karatasi mambo ni safi kabisa: 40 na 30 kutoka kwa wa kwanza, 30 na 30 kutoka kwa wa pili, mabaki sufuri. Programu itakupongeza. Sasa kata. Msumeno wa mkono unakula kama milimita tatu kila unapopita, na ule unga unaodondoka chini ni mbao yako. Ubao wa kwanza utakupa 40 na 29.7. Wa pili utakupa 30 na 29.7. Vile vipande vitatu vilivyopaswa kulingana havilingani, na rafu yenye mguu mmoja uliozidi kwa milimita tatu inayumba kama matatu kwenye barabara ya vumbi.

Jibu si kutafuta ubao mwingine. Jibu ni kurudi kwenye mchoro na kuamua, kabla ya kukata, kwamba vile vitatu vitakuwa 29.5. Nani alisema lazima viwe 30? Wewe mwenyewe, jana usiku, kwa sababu 30 ni namba nzuri. Na hapo ndipo ninapoona faida ambayo sijaipata kwenye kozi yoyote. Kazini tumezoea kuandika mahitaji kwanza, kisha tunakwenda kutafuta kumbukumbu na seva za kuyatosheleza, na zisipotosha tunaongeza tu. Kadi ya kampuni inalipa. Kwa mabaki mambo yanaanzia upande wa pili: kwanza unapima kilichopo, kisha unauliza kinaweza kuwa nini. Nimekaa na vijana wenye shahada zao ambao hawajawahi hata siku moja kulazimika kutosheleza kitu ndani ya kingine, na programu zao zinaonyesha hivyo, hasa ukizifungua kwenye simu ya mwananchi wa kawaida yenye nafasi iliyojaa picha za harusi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita haraka, nalo ni sumu. Watu wanaonyeshana paleti kama vile ni mbao tu. Si zote.

Paleti iliyovuka mipaka ya nchi inapaswa kuwa na muhuri uliochomwa au kupigwa kwenye mbao, chini ya kanuni ya kimataifa inayoitwa ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wa miti wasisafiri ndani ya shehena. Utaona alama yenye suke la ngano, herufi mbili za nchi, kwa mfano KE, kisha herufi za dawa iliyotumika. HT maana yake mbao ilipashwa moto mpaka ndani kabisa ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu na inayoharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipaswa kuiacha kufikia 2015 chini ya mkataba wa Montreal, lakini matumizi ya kuua wadudu kwenye mizigo inayosafiri yaliachwa nje ya marufuku, kwa hivyo muhuri wa MB bado unaweza kukutana nao. Hiyo waachie wenyewe. Isiyo na muhuri hujui ilikotoka, na yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa ya shambani usiilete nyumbani hata ukipewa pamoja na nauli.

Hatari kubwa zaidi kwetu hapa, kwa maoni yangu, si paleti. Ni vile vipande vya nguzo. Nguzo za ua na za umeme, zile zenye rangi ya kijani kijani, nyingi zimesukumiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasizile. Ndani ya mti dawa hiyo inakaa kimya kwa miaka. Ukiisugua kwa msasa unaivuta puani. Ukiichoma, aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Na watu wanaichoma! Kipande cha nguzo kinakaa kando ya barabara, kimekauka vizuri, kinawaka vizuri, kwa nini kisiende jikoni? Anayekusanya mabaki kwa kujifurahisha ana nafasi ya kujua jambo hili kabla ya jirani yake, na akinyamaza sijui hobi yake inamsaidia nani. Mimi kipande cha nguzo sikikati, sikichomi, na sikiweki mahali ambapo mtu mwingine ataona kuni.

Chipubodi na MDF nazo naziepuka. Zimeshikanishwa kwa gundi zenye formaldihaidi, na vumbi lake ni jembamba, linakaa hewani. Lakini hata vumbi la mbao safi si unga wa ngano. Tangu 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani unaliweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mvule hasa una vumbi linalowasha pua na ngozi. Katia nje, funga barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Ukiishi ghorofani kama mimi, juu ya paa ndiko karakana, kwa ruhusa ya mlinzi na kwa kuziheshimu nguo za watu kwenye kamba.

Vifaa? Msumeno wa mkono, tepu, skwea ya kuhakikisha pembe, randa ndogo, bisibisi, kekee ya mkono, gundi nyeupe ya mbao, na msasa wa namba 80, 120 na 240. Basi. Msumeno wa umeme wa mezani ni mashine nzuri sana mikononi mwa mtu aliyefundishwa, na sisi wengine tunachapa kwa vidole kumi. Isitoshe majirani hawatakusamehe. Msumeno wa mkono saa mbili usiku ni sauti ya mtu mwenye shughuli zake, lakini nyundo saa hiyo ni vita, ndiyo maana vitu vyangu karibu vyote ni vya gundi na skrubu.

Kama unataka mfano wa usanifu mzuri, usianze na video. Tafuta mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja ya Pwani, uitazame kwa makini. Vipande viwili vikuu vinavyopishana, kimoja kinakaliwa, kingine kinashikilia mguu, na chuma chenye meno mbele. Uzito wa anayekuna ndio unaoiimarisha. Ikimaliza kazi inakunjwa bapa na kutundikwa ukutani. Aliyeibuni hakuwa na mbao nyingi wala nafasi kubwa jikoni, na kila kikomo alichokuwa nacho kinaonekana kwenye umbo lake. Kibao changu cha laptopu nilikikunja kwa wazo hilo hilo, kwa vipande vya mkangazi ambavyo kirefu zaidi kilikuwa na sentimita 28.

Vinavyobaki chini ya upana wa kiganja navitia kwenye gunia, baada ya kuvichambua kimoja kimoja ili pasiwe na chochote chenye rangi, chenye gundi ya kiwandani, wala cha nguzo. Likijaa nampelekea mama anayepika chapati nje ya geti letu. Mara ya kwanza alitaka kujua kwa nini ninayapekua makaa yake kama daktari, nikamweleza habari ya zile nguzo za kijani. Alitoa vipande viwili vya namna hiyo kutoka kwenye rundo lake mwenyewe, akaviweka kando.